Harufu ya Mbwa na Chakula Chake

Katika nyumba moja ya Kalemie, karibu na ziwa Tanganyika, palikuwa na mbwa jina lake Simba. Usiku alilinda kuku, na mchana alicheza na watoto. Lakini Simba alinuka. Wageni walishika pua zao. Siku moja baba akasema: «Mbwa huyu akizidi kunuka hivi, nitamtoa.»

Mtoto mkubwa alihuzunika sana. Akamwosha Simba kwa maji na sabuni siku tatu mfululizo. Kila asubuhi mbwa alikuwa safi. Kila jioni alinuka tena. Mama akamwambia: «Mwanangu, wewe unaosha nje, na harufu inatoka ndani. Tazama kwanza anakula nini.»

Basi mtoto akatazama. Simba alikula vichwa na matumbo ya samaki yaliyolala juani tangu asubuhi. Alikula maharagwe ya jana. Alipokosa, alifukua shimo la takataka.

Chakula humtiaje mbwa harufu? Njia ni tatu.

Njia ya kwanza ni kinywa. Mbwa mzima ana meno 42. Mabaki ya chakula hukaa kati ya meno hayo. Vijidudu, ambavyo jicho halivioni, huvila vipande hivyo na kutoa harufu mbaya. Mwisho meno hupata ukoko wa manjano, na ufizi huvimba.

Njia ya pili ni tumbo. Chakula kisichosagwa vizuri huteremka mpaka utumbo mpana. Huko vijidudu vingi hukichachusha, na hewa yenye harufu hutoka. Maharagwe huleta hewa nyingi. Maziwa pia, kwa kuwa mbwa wengi wazima hawawezi kusaga sukari iliyomo. Samaki aliyeoza huleta kuhara.

Njia ya tatu ni ngozi. Ngozi ya mbwa hutoa mafuta kidogo yanayolinda manyoya. Mbwa akikosa nyama, samaki na mafuta katika chakula chake, manyoya hukauka na ngozi hutoka magamba. Hapo vijidudu hupata mahali pa kukaa, na ngozi hunuka. Tena wako mbwa ambao chakula fulani huwawasha mwili: hujikuna sana, na masikio yao hupata vidonda vyenye harufu.

Je, bukari ni mbaya kwa mbwa? Sivyo. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba mbwa husaga unga vizuri kuliko mbwamwitu, kwa sababu tangu zamani amekaa na watu na kula pamoja nao. Lakini bukari peke yake haimtoshi. Nayo mchuzi wenye vitunguu asipewe, kwa maana vitunguu huharibu damu yake.

Mtoto akaomba: «Baba, tafadhali ungoje kidogo.» Baba akakubali. Mtoto akafunika shimo la takataka. Akapika samaki wabichi, akatoa miiba, akawachanganya na bukari. Hakubadili chakula chote siku moja, maana tumbo la mbwa huchafuka likishtushwa; alibadili kidogo kidogo kwa muda wa juma moja. Alimlisha saa zile zile kila siku, akaondoa mabaki, akaosha sahani, akaweka maji safi.

Baada ya majuma mawili hewa mbaya ya tumbo ilikwisha. Lakini kinywa kilinuka bado! Baba akafunua midomo ya Simba, akaona jino limevunjika na ufizi umevimba. Chakula kizuri hakiponyi jino bovu. Wakampeleka kwa mganga wa wanyama, naye akaling’oa. Siku zile baba aliacha kusema habari ya kumtoa mbwa. Jioni moja yeye mwenyewe alimwita Simba alale mlangoni.

Mbwa mzima wa afya ana harufu yake ndogo ya mbwa, nayo si ugonjwa. Lakini harufu ikizidi ghafula, mbwa hawezi kusema: «Naumwa.» Harufu husema badala yake. Mwenye mbwa atazame sahani kwanza, kisha kinywa, masikio na ngozi. Kumfukuza ni rahisi. Lakini mbwa hakujichagulia chakula. Aliyemlisha ndiye mwenye kujibu.

Maswali
1. Kwa nini sabuni haikuondoa harufu ya Simba?
2. Taja njia tatu ambazo chakula humtia mbwa harufu.
3. Kwa nini mtoto alibadili chakula kidogo kidogo?
4. Ni harufu gani ambayo chakula kizuri hakikuiondoa? Kwa nini?