Mijusi wawili hawakai debe moja

Shule zikifungwa, mchezo wa watoto wetu unajulikana: kukamata mijusi. Anayekamatwa anatiwa kwenye kopo la maziwa au debe la mafuta lililotobolewa matundu, anapewa nzi, anapewa na jina. Kesho yake anatafutiwa mwenzake, eti asikae peke yake. Siku mbili tatu zikipita, mmoja anakutwa amekatika mkia au amekufa, na mtoto analia. Wazazi kadhaa wametuuliza: hawa wana nini hata washindwe kuishi pamoja?

Tuanze na yule mkubwa wa mitini, mwenye kichwa cha buluu. Jamaa zake wapo toka Ethiopia mpaka Afrika Kusini, kwa hiyo sisi tuliotoka Kongo na Burundi tunamfahamu toka nyumbani. Dume mwenye mti ndiye anayeng'aa. Majike na watoto ni wa kijivu au kahawia, kama ganda la mti. Asubuhi jua likishapanda, dume anakaa mahali pa kuonekana na kuanza kutikisa kichwa juu chini, juu chini. Watoto wengine husema anatutukana. Kumbe hana habari na sisi, anawatangazia wenzake kwamba mti huu una mwenyewe. Dume mgeni akiiona ishara hiyo, mara nyingi anaondoka zake na ugomvi unaishia hapo bila damu. Akikaidi, wanapigana mikia na kuumana, mpaka mmoja akimbie. Anayeshindwa, hata rangi yake inafifia.

Sasa mtazame huyo huyo ndani ya debe. Ugomvi ni ule ule, ila njia ya kukimbilia haipo. Aliyeshindwa anabaki mbele ya macho ya mshindi mchana kutwa. Anajibana pembeni, anakuwa rangi ya udongo, anakataa chakula, anakonda. Wala si lazima aumwe. Kule kumuona mkubwa tu kunatosha kumfanya asisogelee chakula.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Wanaona mijusi wamelala mmoja juu ya mwenzake, wanasema, "Hawa wamezoeana, wanapendana." Mara nyingi sivyo. Pale ndipo penye joto, na mwenye nguvu amepakalia. Mjusi hajitengenezei joto la mwili kama sisi, analitafuta juani, na bila joto tumbo lake halisagi chakula vizuri. Kwa hiyo akinyimwa jua, hata mkimlisha nzi mia haitamsaidia.

Je, dume na jike? Debeni jike hapumziki kwa kusumbuliwa, na akiwa na mimba ya mayai anahitaji udongo wa kuchimba. Mkubwa na mdogo ndiyo mbaya kabisa, maana mdogo anaweza kuliwa.

Mjusi kafiri, yule mdogo wa ukutani anayetoka usiku, naye ana mambo hayo hayo. Wadudu hujaa karibu na taa, na dume mwenye nguvu huwafukuza madume wenzake pale. Watu humwogopa bure: hana sumu, na anakula wadudu wanaotusumbua, mbu wakiwemo. Kinyonga ndiye hapendi mwenzake kupita wote. Wanaomfuga Ulaya na Marekani humpa kila mmoja kizimba chake, na wengine huweka hata kizuizi wasionane.

Kuna na upande wa afya, na hapa tunasema na akina mama na akina baba moja kwa moja. Mjusi anaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila yeye kuugua. Mtoto akimshika halafu akala bila kunawa, anaweza kupata kuhara na homa, na walio chini ya miaka mitano ndio huumia zaidi. Basi anawe kwa sabuni, na mjusi asiwekwe kabisa kwenye sufuria wala ndoo ya maji. Tena hapa Tanzania kukamata wanyama wa porini kunataka kibali, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Sisi tungeshauri asifugwe.

Kama tayari yumo debeni, mrudisheni leo, jua likiwa bado kali apate kukimbia. Lakini msimwachie popote! Mpelekeni mti ule ule alikokamatwa, kwa sababu mti mwingine unaweza kuwa na mwenyewe, naye atapokewa kwa kuumwa. Baada ya hapo watoto wakae mbali kidogo, watulie, wahesabu ni mara ngapi dume anatikisa kichwa na nani anamkimbia nani. Watakaotuandikia walichokiona tutawachapa katika toleo lijalo.