Altrasaundi si ya waja wazito pekee

Mzazi, mwanao akikuambia anataka kusomea "mashine ya kupima waja wazito", usimcheke. Mwulize kwanza kama anajua kilichotokea Turkana.

Kaskazini mwa Turkana ugonjwa wa hidatidi umewahi kupatikana kwa wingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Huletwa na mayai ya tegu wa mbwa. Mtu akiyameza, uvimbe wenye maji huota ndani yake, mara nyingi kwenye ini, na hukua polepole kwa miaka bila maumivu.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuupiga vita. Vipimo vya damu viliwapita wengi. Ndipo wataalamu walipobeba altrasaundi ndogo hadi kwenye manyatta, wakawapima wafugaji huko huko.

Mashine hiyo hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, kisha hupokea mwangwi wake na kuuchora kwenye kioo. Haitumii miale kama eksirei. Lakini mashine haisemi. Anayesoma picha ndiye hutambua uvimbe umefikia hatua gani, na hapo daktari huamua: vidonge, sindano, kisu, au kungoja tu. Kwa mgonjwa wa Lowarengak, aliye zaidi ya kilomita 100 kutoka Lodwar, jibu lisilo sahihi ni safari ya bure au upasuaji usiohitajika.

Je, ujuzi huo hupatikanaje? Mwanafunzi anayemaliza KCSE kwa wastani wa C, akiwa amefanya vyema katika biolojia na fizikia, anaweza kuomba diploma ya picha za tiba katika chuo cha KMTC. Ni miaka 3. Baada ya kufanya kazi kwa muda, hurudi kusomea diploma ya juu ya altrasaundi.

Njia nyingine ni ya udaktari: miaka 6 chuo kikuu, mwaka 1 wa mafunzo hospitalini, kisha shahada ya uzamili ya radiolojia, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Ni safari ndefu. Hata hivyo, mashine hununuliwa kwa siku moja. Mkono wa kuishika hulelewa kwa miaka. Kijana, usiikimbie fizikia. Mchumia juani hulia kivulini.