Mikono Safi Shuleni (2): Dumu Moja Katika Nchi Kame

Juma lililopita nilieleza jinsi uchafu wa choo unavyofika mdomoni kwa njia ya mikono. Leo tutazame namna ya kumzoesha mtoto kunawa huku kwetu Dodoma, ambako mvua ikikatika Aprili hairudi hadi kuelekea Desemba, na maji ya dumu hupimwa kama unga.

Kongwa, hapa hapa mkoani, inatufundisha jambo. Wilaya hiyo iliteswa mno na trakoma, maradhi ya macho yanayoenezwa na vidole, vitambaa na nzi wafuatao tongotongo. Watafiti walichukua vijiji sita: vyote vikapewa dawa ya macho, lakini vitatu vikahimizwa pia kuwanawisha watoto uso. Matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Watoto ambao nyuso zao zilikutwa safi katika ukaguzi wa mara mbili au zaidi hawakupatwa sana na trakoma kali. Kwa mikono ni vivyo hivyo: kunawa siku ya ukaguzi pekee hakumkingi mtu.

Wazazi wengi wa huko walidhani kunawa kunamaliza maji. Sivyo, na kibuyu chirizi ni ushahidi. Hutengenezwa hivi: chukua dumu la lita tano, litoboe tundu karibu na mdomo kwa msumari uliopashwa moto, ulining'inize kwenye mti uliolazwa. Funga kamba shingoni, chini yake kijiti. Mtoto akikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika membamba; akiinua mguu, yanakatika. Mkono haugusi dumu kabisa. Sabuni ya mche ikatwe kipande, itobolewe, ifungwe kando.

Mahali pa kukitundika kibuyu ndipo shule nyingi zinapokosea. Kikiwekwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu kitawapendeza wageni tu. Kiwe kwenye njia ya kutoka chooni, na kingine panapogawiwa uji, ili mtoto asiweze kupita bila kukiona. Wa darasa la kwanza watawaiga wa darasa la sita haraka kuliko watakavyolishika somo la ubaoni. Viboko visitumike hapa. Mtoto aliyechapwa kwa kutonawa atanawa akiwa anatazamwa tu.

Nawasihi walimu na kamati za shule: maji wanayobeba watoto kutoka nyumbani yaanzie kwenye vibuyu chirizi. Maua na sakafu vingoje zamu yao.

Juma lijalo: sabuni inunuliwe na nani?