Shahada ya sera: piga hesabu kabla ya kuuza hisa

Wapo wawekezaji wadogo wanaofikiria kuuza hisa ili wakasomee shahada ya uzamili ya sera za umma ng'ambo. Wasiwe na haraka. Gharama si ada peke yake. Mapato ya biashara yatakayokosekana nayo yahesabiwe. Kozi hiyo ni ya mwaka 1 Oxford, na miaka 2 Harvard.

Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1983, hulipa ada, nauli na posho ya kila mwezi. Mwombaji atakiwa awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, kisha arudi kwao kwa miaka 2. Kwa mfanyabiashara mwenye wateja nyumbani, kurudi si hasara. Aombe kwanza, hisa zisubiri majibu.