Ujuzi Hauzeeki, Walakini Kazi Hubadilika

Wahenga walisema ya kuwa ujuzi hauzeeki, nasi hatuna neno la kuwapinga. Mwashi wa miaka ishirini hugonga tofali kwa mwiko, akasikia mlio wake, akajua kama limeiva. Seremala hushika ubao, akajua kama umekauka. Mambo hayo hayapatikani kitabuni. Ni mali ya mkono. Walakini twataka kusema neno ambalo mafundi wazoefu hawapendi kulisikia: vitu tunavyovitengeneza hubadilika, na siku vikibadilika, pengine mzoefu huwa karibu na hatari kuliko mwanafunzi.

Yawezekanaje? Natutazame kazi ya umeme. Katika desturi ya Kiingereza, iliyoletwa Kenya na Tanganyika enzi za ukoloni, waya wa moto ulikuwa mwekundu, na wa nyutro mweusi. Palipokuwa na njia tatu za moto, rangi zake zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro nyeusi vilevile. Kisha Waingereza wakabadili rangi hizo zipatane na za Ulaya: mwaka 2004 rangi mpya ziliruhusiwa, na tangu Aprili 2006 zikawa sharti katika kazi mpya kwao. Sasa njia tatu za moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Angalieni basi: nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa moto, na buluu iliyokuwa moto imekuwa nyutro!

Kwa kuwa waya huuzwa toka nchi hata nchi, fundi wa huku aweza kukuta rangi za kale katika jengo moja na rangi mpya katika jengo la pili. Kijana aliyetoka chuoni jana huogopa, naye hupima kwanza. Mzee wa kazi asiyepata habari hizi huenda asipime. Mkono wake umekwisha kunyooka, maana kwa miaka ishirini waya mweusi haujamdhuru.

Kadhalika fundi wa friji. Zamani gesi iliyotumika sana katika friji za nyumbani ilikuwa R-12, nayo haishiki moto. Ikaonekana kwamba gesi za namna hiyo zaharibu tabaka la ozoni, linaloikinga dunia na mionzi mikali ya jua. Ndipo mataifa yakapatana mjini Montreal mwaka 1987 kuzipunguza, na baadaye zikakomeshwa, nchi zinazoendelea zikipewa muda hata mwaka 2010. Friji nyingi za siku hizi hutumia R-600a, gesi ya jamii moja na ile ya kupikia, nayo yashika moto. Fundi aliyezoea kuchomelea bomba pasipo hofu, akifanya vivyo hivyo kabla ya kuiondoa gesi yote na kufungua madirisha, aweza kujiunguza yeye na nyumba ya watu. Wala mabadiliko hayajakwisha: mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, yakapatana kupunguza gesi nyingine zilizoshika mahali pa zile za kwanza.

Basi aende wapi fundi? Katika Tanzania iko VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyuo vyake hutoa mafunzo mafupi, tena mafundi waliojifunza kazini hupimwa na kupewa cheti cha ujuzi walio nao. Katika Kenya, NITA huwajaribu mafundi kwa madaraja, wakianza la tatu na kupanda hata la kwanza. Lakini mtu asichanganye mambo mawili: cheti hushuhudia ulichokwisha kujua, mafunzo hukupa usichokijua. Mzoefu avihitaji vyote viwili.

Twajua yanayowazuia. La kwanza ni fedha: siku ya darasani haina ujira, na watoto hawali cheti. La pili ni aibu, mtu mwenye mvi kuketi na vijana walio rika la wanawe. Kwa hiyo yafaa fundi asitake kujifunza yote kwa mara moja. Achague jambo moja lililobadilika katika kazi yake, ajifunze hilo majira kazi zinapopungua. Mafundi wa mtaa mmoja waweza kuchanga karo ya mwenzao mmoja, naye akirudi awafundishe.

Nanyi mlio nyumbani, msimcheke baba akifungua daftari usiku. Mpeni taa na utulivu, maana ajifunzalo ndilo litakalomrudisha kwenu mzima. Nanyi walimu, msimpokee fundi mzima kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwulizeni kwanza ajuayo, mwanzie hapo. Tena mpeni nafasi naye awaonyeshe vijana kazi ya mkono, ambayo pengine ninyi wenyewe hamnayo. Hivyo hakuna atakayeona aibu, na wote watapata faida.

Kuuliza si ujinga. Basi, ndugu fundi, kesho ukikuta waya mweusi, upime kwanza; kisha nenda chuoni ukaulize ni nini kingine kilichobadilika tangu siku ulipojifunza.