Zócalo: Anzia Ubavuni mwa Kanisa

Mgeni akifika Mexico City hupelekwa Zócalo, uwanja mkuu wa mji, akaonyeshwa kwanza kanisa kuu. Wahispania walianza kulijenga 1573, zama za Mfalme Philip II, yule yule ambaye chini ya utawala wake Wareno walianza Fort Jesus yetu, 1593. Ni jengo zuri, sikatai. Lakini anayeanzia hapo huondoka akidhani mji ule uliasisiwa na Mhispania.

Anzia ubavuni, kwenye magofu ya Templo Mayor, hekalu la Waazteki. Mji wao, Tenochtitlan, ulikuwa kisiwani, katikati ya ziwa. Hernán Cortés aliuteka Agosti 1521, ukavunjwa, na mawe yake yakajengea mji mpya. Hekalu likalala chini ya majengo hadi 1978, mafundi wa umeme walipochimba wakagonga jiwe la mviringo, upana zaidi ya mita 3, limechongwa sura ya Coyolxauhqui, mungu wao wa kike.

Kisha ingia kanisani uitazame sakafu. Imeinama! Ziwa lilikaushwa, maji ya ardhini yanavutwa, na udongo unadidimia. Ila penye mabaki ya kale chini yake hudidimia kidogo.

Usiende Jumatatu, makumbusho ya hekalu hufungwa.