MKONO UNAOTETEMEKA
Chombo kinachopima mwendo wa mgonjwa, na kazi ya mama nyumbani



Siku za kliniki tunazungumza sana juu ya watoto: kilo, chanjo, kuhara, homa. Lakini mara nyingi, mtoto akiisha kupimwa, mama anabaki kidogo karibu na meza na kusema kwa sauti ya chini: "Mama munganga, ku nyumba tuko na mama mukwe. Mukono yake iko natetemeka. Batu banasema ni bulozi. Nifanye namna gani?"

Karatasi hii ni kwa ajili ya huyo mama.

Kwanza tunamuuliza: "Anatetemeka wakati gani? Wakati anafanya kazi, ao wakati mkono umepumzika?" Swali hilo ni dogo lakini linafungua mlango. Mutu anayetetemeka wakati anashika kikombe ao kijiko, na mkono ukilala juu ya mapaja unatulia, mara nyingi ana ugonjwa mwingine, tena usio mkali sana. Lakini ule ambaye mkono wake unatetemeka wakati haufanyi kitu, kama vile vidole vinahesabu feza pole pole, na akiunyoosha kuchukua kitu unatulia kwa muda, huyo tunafikiri juu ya ugonjwa wa Parkinson. Mara nyingi unaanza upande mmoja tu wa mwili.

Jina hilo ni la munganga James Parkinson wa London. Mwaka 1817 aliandika kitabu kidogo juu ya watu sita wenye kutetemeka. Wengine hakuwapima hata kidogo, aliwaona tu njiani wakitembea. Angalia basi, mama: ugonjwa huu ulijulikana na mutu mwenye kutazama vizuri, bila mashini yoyote. Tutarudi kwa neno hilo.

UGONJWA UNATOKA WAPI?

Ndani ya bongo, katikati kabisa, kuna mahali padogo penye rangi nyeusi. Chembe za pale zinatengeneza maji fulani yanayoitwa dopamini, yenye kusaidia bongo kuagiza mwili utembee. Chembe hizo zikianza kufa, amri ya bongo inafika kwa viungo ikiwa na nguvu kidogo. Kwa hiyo kutetemeka siyo alama peke yake, na wagonjwa wengine hawatetemeki kamwe. Alama kubwa ni uzito: muzee anainuka kwa kiti kwa shida, anatembea kwa hatua fupi, mkono mmoja haupigi mbele na nyuma sawa zamani. Uso unakuwa kama umekasirika, na yeye hakukasirika. Sauti inapungua. Maandishi yanakuwa madogo madogo. Viungo vinakaza. Wengi wanasema kwamba miaka mingi mbele ya hayo yote walikuwa na choo kigumu, ao hawakusikia tena harufu ya chakula, ao walipiga mateke na kulalamika katika usingizi.

Ni ugonjwa wa bongo. Siyo bulozi, wala muzee mwenyewe siyo mulozi. Tunasema hivi waziwazi sababu tumeona wazee wanawake walionyimwa chakula ao kufukuzwa nyumbani juu ya mkono unaotetemeka na uso usiocheka. Tena hauambukizi. Bibi anaweza kubeba mjukuu, akae tu chini kwanza, asimbebe akiwa anatembea.

Lakini usiseme upesi "ni Parkinson". Kuna mambo mengine yanayofanana nayo, na mengine yanapona kabisa. Dawa za wagonjwa wa akili, kama Largactil na Haldol, zinaweza kuleta kutetemeka na kukaza. Vilevile dawa ya kuzuia kutapika inayouzwa sokoni bila karatasi ya munganga, ile ambayo juu ya kartoni imeandikwa metoclopramide. Ugonjwa wa malale, ambao bado uko katika inchi yetu, unaweza kutetemesha mikono na kugeuza usingizi, mutu analala mchana na kukesha usiku. Vumbi la manganezi la migodini nalo linaharibu bongo namna inayofanana. Kwa hiyo mtu apimwe hospitalini kwanza.

SHIDA YA MUNGANGA

Hakuna dawa ya kuponyesha Parkinson mpaka leo. Iko dawa ya kusaidia, inaitwa levodopa, nayo inachanganywa na nyingine, karbidopa ao benserazidi, ili isipotee mwilini mbele ya kufika katika bongo. Imetumika tangu mwisho wa miaka ya 1960. Ni dawa nzuri sana. Mutu aliyeshindwa kujigeuza kitandani anaweza kuinuka na kulima kitalu chake.

Lakini baada ya miaka fulani dawa inabadilika tabia. Mwanzoni kidonge cha asubuhi kilimshika mchana wote. Sasa kinamshika saa tatu ao nne, kisha kinaisha, mwili unakaza tena kama mlango uliofungwa. Na kikizidi, mwili unaanza kuchezacheza wenyewe: kichwa, mabega, miguu, kama mutu anayecheza ngoma asiyoisikia mwingine. Siku moja tu, mgonjwa anakuwa mzuri, anakaza, anachezacheza, anakuwa mzuri tena.

Sasa muzee anakuja hospitali mara moja kwa miezi miwili ao mitatu. Anafika saa nne asubuhi. Munganga anamuona dakika kumi. Kama ni saa nzuri ya dawa, munganga atasema: "Uko muzima sana, endelea vile vile." Nyumbani, saa nane, muzee huyo huyo hawezi kupeleka kijiko kinywani. Munganga hakuona. Na muzee mwenyewe, ukimuuliza, anasema, "Niko sawa tu," sababu ya heshima, ao sababu amesahau. Kwa hiyo vidonge vinaongezwa ao kupunguzwa kama mutu anayepika gizani.

CHOMBO CHA KUVAA MKONONI

Katika inchi zingine waganga wametafuta namna ya kuona ile siku nzima. Wametengeneza chombo kidogo kinachofanana na saa ya mkono. Mgonjwa anakivaa nyumbani, analima nacho, anakula nacho, analala nacho.

Kinajuaje mwendo? Fikiri, mama, umesimama juu ya kamyo, macho umefunga. Kamyo ikiondoka unasukumwa nyuma. Ikifunga frein unasukumwa mbele. Ikikata kona unalala upande. Ikiingia katika shimo unaruka. Huoni barabara, lakini mwili wako unajua mambo yote yaliyofanywa na kamyo. Ndani ya chombo hicho kuna kitu kidogo sana, chenye kushikwa na vijiti vyembamba kupita unywele, nacho kinasukumwa namna ile ile kila mara mkono ukitembea. Umeme mdogo unapima kimesukumwa kiasi gani na upande gani, mara nyingi kwa kila sekunde, na kuandika.

Kutetemeka kwa Parkinson kuna mapigo yake: mara nne mpaka sita kwa sekunde moja, tena sawasawa. Ukitwanga sombe, mkono unapanda na kushuka kwa nguvu lakini polepole zaidi. Ukifukuza inzi, ni mara moja tu kisha basi. Chombo kinatenganisha hayo. Uzito nao kinautambua: mikono ya mgonjwa inaanza kazi kwa kuchelewa, na miendo yake ni mifupi na dhaifu. Kuchezacheza kwa dawa kunaonekana kama mwendo usiopumzika.

Kimoja kinachojulikana kilitengenezwa huko Melbourne, inchi ya Australia. Kinafungwa kwa mkono ulio na ugonjwa zaidi, kinakaa pale karibu juma zima. Kila dakika mbili kinaweka hesabu yake. Saa ya dawa ikifika kinatikisika kidogo ili kumkumbusha mgonjwa, naye akiisha kumeza anakigusa, chombo kinaandika: amemeza saa hii. Kisha munganga anapokea karatasi yenye mistari, anaona kwa jicho moja: hapa alimeza, hapa mwili ulifunguka, hapa ukakaza tena. Kingine, cha Spania, kinavaliwa kiunoni na kinaangalia hatua za kutembea. Uingereza, mwezi wa kwanza wa 2023, tume yao ya kuchagua matibabu ilikubali vyombo vitano vya namna hii vitumiwe hospitalini, lakini ikaomba habari zaidi zikusanywe juu ya faida yao.

Kuna ajabu nyingine. Pale pale Uingereza, kuanzia 2013, watu zaidi ya 100,000 walivaa vyombo vya kupima mwendo kwa siku saba. Miaka ikapita, wengine wakashikwa na Parkinson. Mwaka 2023 wachunguzi wa Cardiff walirudi kwa hesabu zile za zamani, wakakuta kwamba mwendo wa watu wale ulikuwa umepungua tayari, kwa wengine hata miaka saba mbele ya munganga kutaja jina la ugonjwa. Bado siyo namna ya kumpima kila mutu, lakini inatufundisha ugonjwa unaanza kimya kimya.

Tusikisifu chombo kupita kiasi. Mutu akikaa kimya kanisani, kinaweza kufikiri amekaza. Hakijui kama muzee anakabwa na bugali, kama ana huzuni, kama hajaenda choo siku tano. Na bei yake siyo ya inchi yetu, katika hospitali yetu hakuna.

WEWE UKO NA MACHO

Usivunjike moyo. Mbele ya vyombo hivi, na hata leo, waganga wa kule wanawapa wagonjwa karatasi ya kuandika saa kwa saa namna mwili ulivyokuwa. Karatasi ile inawezekana nyumbani kwako na kaye ya shule ya mtoto.

Siku tatu mbele ya kurudi hospitali, chora mistari, kila saa na mahali pake, tangu muzee anaamka mpaka analala. Kama hakuna saa ya ukutani, fuata kengele, redio, ao jua. Alama ni tatu. Mstari uliosimama: yuko vizuri, anatembea. Mstari uliolala: amekaza, ni mzito, ao anatetemeka sana. Mstari wa mawimbi: mwili unachezacheza wenyewe. Pale alipomeza kidonge weka duara, na pale alipokula weka msalaba. Mama asiyejua kusoma anaweza kufanya hivyo, na mtoto wa shule atafurahi kusaidia.

Tuseme kuna duara saa moja asubuhi. Saa mbili, tatu na nne kuna mistari iliyosimama. Saa tano na saa sita kuna mistari iliyolala, na duara ya pili ni saa saba. Munganga akiona hivyo anajua upesi kwamba dawa inaisha saa mbili mbele ya ile nyingine. Labda atagawanya vidonge kwa namna nyingine tu. Na msalaba ukiwa pamoja na duara, yaani kidonge na maharagi ao nyama kwa wakati mmoja, atakuambia dawa imezwe nusu saa mbele ya chakula, sababu vyakula vile vinapigana nayo njiani.

Kama mu nyumba kuna telefone yenye kupiga filme, omba ruhusa ya muzee kwa heshima, kisha mpige dakika moja wakati mzuri na dakika moja wakati mbaya: ainuke kwa kiti, atembee mpaka mlangoni na kurudi, agonganishe kidole na kidole gumba mara kumi. Usimpige kwa siri wala usiwaonyeshe majirani. Wazee wengi wanaona haya juu ya mwili wao, na wakijua wanachekwa watajificha chumbani.

Mambo ya kuogopa ni haya. Usisimamishe levodopa kwa gafula, hata kama franka zimeisha ao mhubiri fulani amesema mgonjwa ameisha kupona. Mwili unaweza kukaza wote na kuwaka homa kali, na mutu anaweza kufa. Vidonge vikibaki vya juma moja, kuja mbele havijaisha, tutaangalia pamoja. Usimpe dawa ya kutapika ya sokoni. Na wale wanaopika mbegu za upupu, ni kweli mbegu hizo zina levodopa ndani, lakini hakuna anayejua ngapi iko katika sufuria yako, kwa hiyo usichanganye na vidonge bila kutuambia.

Akianguka mara kwa mara, akikabwa wakati wa kula, ao akianza kuona watu wasiokuwepo, usingoje siku ya kurudi. Zaidi ya hayo, njoo tarehe uliyoandikiwa, siku ile ile ya kupima mtoto ikiwezekana, usitembee mara mbili. Lete kaye, na vidonge vilivyobaki ndani ya kartoni yao. Na uje na muzee mwenyewe, asubuhi, akiwa amemeza dawa yake kwa saa ya kawaida, uandike tu saa ngapi.